Tuna maji ya Rufiji na gesi ya Songo Songo, kwa nini bado tunasubiri meli ya mafuta?

Wanajamvi, heshima kwenu. Suala hili nimelivumilia kwa muda mrefu, lakini sasa limenifika kooni. Wiki iliyopita kijana anayeendesha bajaji yangu, ambayo niliifunga mfumo wa gesi nikiamini kwamba nimeachana na petroli, aliingia kwenye foleni ya kituo cha gesi saa tisa usiku. Kulipokucha, zikiwa zimebaki bajaji nne mbele yake, mhudumu alitoka akatangaza kwamba presha imeshuka. Baadhi ya madereva waliinamia usukani wakalala, wengine wakageuza wakaenda kununua petroli. Saa tano alinipigia simu kuniambia kwamba hesabu ya siku haitatimia, na sikuwa na neno la kumlaumu.

Gesi hiyo haitoki mbali. Ya Songo Songo inazalisha umeme Dar es Salaam tangu 2004, bomba la kutoka Mtwara lilikamilika 2015, na akiba iliyotangazwa nchini ni zaidi ya futi za ujazo trilioni 57. Hatukukosa gesi, tulikosa watu wa kujenga vituo vya kutosha kabla ya kutuhamasisha tufunge mitungi kwenye vyombo vyetu.

Kinachonikasirisha zaidi ni namna tunavyojadili nishati, kana kwamba hatari iliyopo ni mafuta kuisha duniani. Hayaishi leo wala kesho. Uzalishaji wa Marekani ulifikia kilele 1970, ukashuka kwa miongo kadhaa hadi watu wakautabiria mwisho, kisha mafuta yanayotolewa kwa kupasua miamba yakaupandisha kupita kilele kile. Dunia bado inapata takribani asilimia 80 ya nishati yake kutoka kwenye makaa ya mawe, mafuta na gesi. Hatari ni kwamba mafuta yataendelea kuwapo, nasi tutaendelea kuyanunua kwa dola, kwa bei inayopandishwa na vita vya watu wengine. Katika hali ya kawaida, karibu sehemu moja ya tano ya mafuta yanayotumika duniani hupita Mlango-Bahari wa Hormuz, njia ya meli za mafuta kutoka Ghuba ya Uajemi; kukitokea msukosuko kule, Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta nchini, inatutangazia bei kikomo mpya, na mkulima wa Songea anaongezewa nauli ya gunia lake la mahindi. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Sikuipinga, kwa sababu hali ilikuwa mbaya, ila fedha ile yote iliungulia ndani ya injini na haikuacha hata nguzo moja ya umeme.

Kwenye kupikia tunarudia kosa lilelile. Mkakati uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na lengo hilo ninaliunga mkono kwa moyo wote, maana mama yangu amekohoa moshi maisha yake yote. Lakini tunachogawa kwa wingi ni mitungi, na watu wengi wanaamini kwamba iliyomo ni gesi ya Mtwara. Siyo. Ya mtungini inaletwa kwa meli kutoka nje. Ya Mtwara ni aina nyingine, ambayo hufika jikoni kwa bomba. Tunamtoa mama kwenye mkaa na kumkabidhi kwa soko lilelile la dunia.

Wala siyo kwamba haiwezekani. Bwawa la Julius Nyerere, kwenye Mto Rufiji, lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inafika Dodoma bila kutegemea dizeli. Ethiopia, yenye mabwawa kama sisi, mwaka huohuo ilipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Sisi kila meli inayoshusha magari yaliyotumika bandarini inatufunga kwa petroli ya miaka kumi au kumi na tano mingine.

Kwa hiyo ninauliza, na ninataka jibu lenye tarehe: ratiba ya kuhamishia mabasi ya mijini na bajaji kwenye umeme iko wapi, na hadi hapo vituo vya gesi vitaongezwa vingapi, wapi na lini? Mwenye nayo aiweke hapa tuisome.