Randomu foresti, ESM-2 au NetPhos: ipi ya kutafutia sehemu za fosforilesheni?

Mkarafuu_Wete
Assalaam alaykum jamani. Nna protini za Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, nimezishusha kutoka UniProt, ghala la protini la mtandaoni, nataka kujua amino asidi zipi za serini, threonini na tairosini zinabandikwa fosfeti, ndo hiyo fosforilesheni. Randomu foresti, ile modeli ya miti mingi ya maamuzi inayopiga kura, nshaijaribu imenipa akyurasi asilimia 94, sasa nibaki hapo hapo au nihamie ESM-2, ile modeli ya lugha iliyofundishwa kwa mifuatano ya protini? Au nitumie tu NetPhos ya tayari, ile ya mtandaoni ya kubashiri sehemu hizi? Laptopu yangu ramu 8GB, GPU haina, na umeme wa huku ukitaka kwenda haumuagi mtu.

BintNgambo
Waalaykum salaam. NetPhos nyepesi, unabandika mfuatano unapata majibu, ila ni ya 1999 na kimelea hichi kina mambo yake, jinomu yake karibu asilimia 80 ni herufi A na T za DNA ndo maana protini zimejaa asparajini na laisini, modeli iliyozoea protini za watu itababaika tu. Mie ESM-2.

fundi_data
ESM-2 kwa ramu 8? Mie niliwasha ile ya paramita milioni 650 laptopu ikaganda, nikenda kuswali nikarudi nikaikuta pale pale. Baki na foresti yakhe. Unakata kidirisha cha herufi 15 za mfuatano, kila herufi amino asidi moja, serini katikati, saba huku saba huku, na ukimaliza unaweza kuiuliza imetazama nini, ukaona kwa mfano arjinini mbili kabla ya serini, hapo unajua kinasi PKA, kimeng'enya cha kubandika fosfeti, anapapenda.

BintNgambo
Kwani nani kakwambia uanze na 650 😂 iko ya milioni 8 na ya 35. Tena embedingi, yaani namba ambazo modeli inaipa kila amino asidi, unazitoa mara moja tu kwenye Colab, kompyuta ya Google ya mtandaoni, unazihifadhi, halafu unafundisha kitu chepesi kwenye laptopu. Na hicho kidirisha chako cha herufi 15 hakioni nje ya hapo, ESM inasoma na majirani wa mbali.

Babu_Msuka
Mnagombania ngalawa na maji hamjayapima. Mkarafuu, hiyo 94 umeipataje? Kama katika kila serini 100 zilizobandikwa ni 6, modeli ikijibu "hapana" kwa zote inapata 94 hiyo hiyo. Tazama MCC, alama ambayo modeli ya kubahatisha inapata sifuri na isiyokosea inapata 1. Na data uligawa vipi, maana protini ndugu zikiwa upande wa mafunzo na upande wa mtihani, modeli inakumbuka tu, haijajifunza kitu. Pitisha CD-HIT kwanza, programu ya kuweka pamoja protini zinazofanana, kwa kiwango cha kufanana asilimia 40, ndo ugawe. Halafu hizo "hapana" zako nyengine si hapana, mashine ya kupimia masi haijawahi kuziona basi.

fundi_data
Hapo kwenye CD-HIT sina ubishi.

Mkarafuu_Wete
Babu umenivunja mbavu. Nimeipitisha sasa hivi, nikagawa upya, MCC 0.18, na ile 94 nshamtumia msimamizi wangu tangu asubuhi 😭 BintNgambo, hiyo skripti yako ya Colab unayo? Ile ya milioni 35.