Kikundi cha Ukoo: Zawadi ya Jubilei ya Shangazi Sista

Mweka Hazina: Mbukwenyi wana ukoo. Hadi jioni hii mkononi nina laki sita na elfu arobaini. Kinanda tulichokiona mjini ni laki tisa. Jubilei ya miaka 50 ya nadhiri ni wiki tatu zijazo. Wale wa "natuma kesho" tangu Pasaka, kesho yenyewe ndiyo hii.

Mama Neema, Area C: Nimetuma elfu hamsini, angalia. Kwa Shangazi Sista sina ubishi. Bila yeye hesabu ningeziacha la tano.

Kijana wa UDOM: Kivipi, Ma'mdogo? Si mwalimu wa muziki?

Mama Neema, Area C: Ndiyo hapo sasa. Sehemu zilinishinda, najumlisha ya juu kwa ya juu, ya chini kwa ya chini, nachapwa kila siku. Akaja likizo, akanikalisha uani juu ya kinu kilichopinduliwa. "Noti nzima makofi manne. Nusu mawili. Robo moja. Haya, nipigie nusu na robo." Nikapiga matatu. "Robo ngapi hizo?" Tatu! "Basi umeshajumlisha, kalete maji."

Kijana wa UDOM: 😂😂 kalete maji

Da Sesi: Jamani, kabla hamjalipa dukani. Mimi nilikaa kwao aspiranti, yaani msichana anayejiandaa kuwa sista, miaka miwili, nawaambia mapema: hicho kinanda hakitakuwa chake.

Baba Mkubwa, Mvumi: Tunampa dada yangu zawadi halafu isiwe yake? Sisi Waanglikana mambo haya hatuyajui. Eleza.

Da Sesi: Shikamoo Baba Mkubwa. Masista wao wanafuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Sura ya 33: mtawa hana chake, hata kalamu. Sura ya 54 ndiyo kali zaidi. Hata wazazi wakimletea kitu, mkubwa wa nyumba anaamua apewe nani, na yeye asinune. Mnaikumbuka sweta aliyofuma marehemu Bibi kwa sababu ya baridi ya Njombe? Niliikuta imevaliwa na Sista wa jikoni.

Baba Mkubwa, Mvumi: Ile ya zambarau??

Da Sesi: Hiyo hiyo. Na Shangazi anacheka tu.

Dada wa Chamwino: Halafu kinanda chenyewe hana mapenzi nacho kihivyo. Kwenye msiba wa Babu alilichukua zeze la Babu, akaenda nalo kwenye kinanda cha parokia. Akavuta sauti moja ya zeze, akabonyeza kitufe, haikuwa. Akabonyeza kinachofuata, haikuwa. Ya zeze imekaa katikati ya viwili! Mwalimu wa kwaya akasema zeze limekosewa. Shangazi akamwambia, "Zeze linafuata uzi unavyolia wenyewe. Kinanda kinamfuata fundi wake."

Kijana wa UDOM: Sasa si tumuulize mwenyewe anataka nini?

Da Sesi: Simu ni ya nyumba. Mpaka wamalize chakula cha jioni.

*(saa 2:41 usiku)*

Da Sesi: [Ujumbe wa sauti, 1:38]

Baba Mkubwa, Mvumi: Masikio yangu haya. Mtu aniandikie.

Kijana wa UDOM: Naandika. Anasema: "Mbukwenyi wanangu. Kinanda tunacho cha umeme, na umeme ukikatika tunaimba hivyo hivyo. Kile cha kukanyaga, panya walitoboa mivukuto nikaiziba kwa ngozi ya kiatu cha padre, kilistaafu kabla yangu. Kama mmeshachanga, nileteeni ngoma za muheme tatu, zile wanazopiga wanawake wa Kigogo, moja iwe kubwa. Wasichana wa hapa hawajawahi kumwona mwanamke amebana ngoma mapajani. Na msiniulize tena narudi lini nyumbani kupumzika. Niliweka nadhiri ya kudumu hapa, hata mstari wa makaburi nitakaolazwa naujua. Njooni na karanga."

Mama Neema, Area C: 😭 mstari wa makaburi jamani

Baba Mkubwa, Mvumi: Ngoma kanisani kwao? Tulipokuwa wadogo si ilikuwa Kilatini kitupu?

Da Sesi: Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia ilitoka Desemba 4, 1963, ikasema muziki wa asili wa watu upewe heshima yake. Na Shangazi usimwone mpole. Kuna shule walifuta kipindi cha muziki ili wasichana wajiandae na mtihani. Hakugombana na mtu. Akawasimulia wasichana habari za Hildegard wa Bingen, Mbenediktini wa Ujerumani aliyezaliwa 1098, mtunzi wa nyimbo. Uzeeni, 1178, yeye na masista wake walikatazwa kuimba sala kwa kuwa walimzika mtu ambaye wakubwa walisema ametengwa na Kanisa. Hildegard akaandika barua, akang'ang'ana, katazo likaondolewa mwaka uliofuata. Baada ya hapo Shangazi akahamishia mazoezi kwenye saa ya kufua. Sauti tatu, mabeseni matatu.

Mweka Hazina: Sawa, kinanda kimefutwa. Chamwino, ngoma bei gani?

Dada wa Chamwino: Jumamosi napita kwa fundi. Ila msinisukume, ngozi lazima ikauke vizuri. Ikifika huko kwenye ukungu italegea, watakuwa wanaikausha motoni kabla ya Misa.

Mweka Hazina: Na usafiri? Kupitia Mtera, Iringa, Makambako, na ngoma tatu. Makondakta watatutoza kama abiria.

Baba Mkubwa, Mvumi: Ile kubwa nitaipakata mimi. Na karanga.

Mama Neema, Area C: Magoti yako hayo, Baba Mkubwa!

Baba Mkubwa, Mvumi: Nitaibana mapajani.

Dada wa Chamwino: Hiyo ya wanawake 😂

Baba Mkubwa, Mvumi: Ndani ya basi nani atajua.