Hilux 5L iliyoinuliwa nyuma: breki zinaishiwa mteremko wa Kitonga

Mzigo_Ilula:
Wakuu, habari za majukumu. Gari ni Hilux double cabin yenye injini ya 5L (jina la injini ya dizeli), 4x4, haina ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga). Nyuma imeongezwa majani ya springi, imepanda kama sm 5. Ikiwa na kilo 700 za viazi, nikishuka Kitonga (mlima mkali wa barabara ya Iringa) pedali inaanza kuwa laini katikati ya mteremko, mwishowe inazama karibu na sakafu. Ikipumzika nusu saa inarudi sawa. Pedi za mbele zinaisha kila miezi 4, ila breki shuu (vibao vinavyobana ndani ya drami) za nyuma zina mwaka wa pili na bado nene. Fundi anashauri nifunge diski kubwa na kalipa (vishikio vinavyobana pedi kwenye diski) za gari jingine. Ni sahihi au nitapoteza hela?

Kalipa_Nne:
Mkuu, diski usinunue kwanza. Pedali inayolainika kwa joto na kurudi ikipoa ni mafuta ya breki yamechemka. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea. Mguu wako unabana mvuke. Ingekuwa pedi ndizo zimezidiwa na joto, pedali ingebaki ngumu na gari lingekataa kushika. Na ingekuwa masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali), pedali ingezama taratibu hata gari likiwa baridi kwenye foleni.

Mafuta ya breki yananyonya unyevu. DOT ni daraja la mafuta haya: DOT 3 mpya huchemka nyuzi 205, ikishaingia maji inashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Weka DOT 4, lita moja inatosha kusafisha mfumo mzima, na ubadilishe kila miaka 2. DOT 5 usiiguse, hiyo ni silikoni, haichanganyiki na hizi.

Wakati wa kutoa upepo (hewa na mafuta ya zamani kwenye mfumo) usiache ekseli ya nyuma ining'inie. Weka stendi chini ya ekseli yenyewe, maana ikining'inia valvu ya mzigo (inayopima presha ya breki za nyuma kulingana na uzito) inabana na mafuta hayapiti vizuri. Anza nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, halafu nipeli (kiskrubu cha kutolea mafuta) ya valvu ya mzigo yenyewe (wengi wanaisahau), mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Mpira mwembamba kwenye nipeli, ncha nyingine izame ndani ya chupa yenye mafuta. Mwenzako akanyage, ufungue robo mzunguko, ufunge kabla hajaachia. Yatatoka meusi kama kahawa. Endelea mpaka yatoke ya rangi ya asali bila mapovu. Weka kipande cha mbao chini ya pedali: masta silinda ya zamani ina kutu sehemu ambayo pistoni haifiki kila siku, ukikanyaga hadi chini raba zinakwaruzika. Na kopo la mafuta ya breki juu ya masta silinda lisikauke hata mara moja.

Springi_Majani:
Mkuu Kalipa_Nne kasema kweli, ila lazima tujue kwa nini yalichemka. Jibu liko kwenye zile breki shuu zisizoisha. Nyuma hakufanyi kazi.

Lala chini ya gari, angalia juu ya ekseli ya nyuma: kuna fimbo inayopanda hadi kwenye valvu iliyofungwa kwenye chesesi. Mzigo ukishusha bodi, fimbo inasukuma na valvu inaruhusu presha zaidi kwenda nyuma. Umeinua sm 5, kwa hiyo hata ukiwa na kilo 700 valvu inaona gari tupu. Mbele kunabeba karibu kila kitu, kalipa zinaiva, mafuta yanachemka. Tengeneza kibao cha chuma kinachoinua mguu wa fimbo pale kwenye ekseli kwa sm 5 zilezile. Usiishie hapo: nyosha ekseli hadi mwisho uone hozi ya breki ya katikati haivutiki. Ikivutika, funga ndefu zaidi.

Mzigo_Ilula:
Asanteni sana wakuu. Fimbo nimeiona, imelala kweli. Je, nikiitoa kabisa hiyo valvu?

Springi_Majani:
Hapana mkuu. Gari tupu, mvua, barabara ya vumbi: matairi ya nyuma yatajifunga kwanza na mkia utakupita. Irekebishe.

Drami_Safi:
Naongezea kwenye drami. Hilux hizi zinajirekebisha nyuma kupitia hendibreki: kila ukiivuta, nyota (gurudumu dogo la meno linalosogeza shuu karibu na drami) ndani inasogea kidogo. Vile vikono vya hendibreki nyuma ya bamba la drami vikigandishwa na tope, hakuna kinachosogea. Vifungue, visafishe, grisi ya joto kali kidogo tu. Kisha zungusha nyota hadi drami igome, rudisha meno machache mpaka gurudumu lizunguke na kukwaruza kwa mbali. Vumbi la ndani lioshe kwa maji, usilipulize kwa kompresa. Shuu nyingine bado zina asbesto.

Mbele, kipimo cha chini cha diski kimeandikwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa imekaribia, usiichonge, nunua mpya. Bolti za kalipa kaza Nm 123. Pedi mpya zipashe: mara 8 hivi kutoka kilomita 60 hadi 10 kwa saa bila kusimama kabisa, halafu endesha dakika 10 zipoe. Usivute hendibreki breki zikiwa moto.

Kitonga ingia na gia ya 2 tangu juu. Kanyaga kwa nguvu sekunde chache, achia zipoe, kanyaga tena. Mguu usikae juu ya pedali kilomita nzima.