Kwa nini figo za panya zina vitamini B12 nyingi kuliko ini?

Muulizaji

Nawasalimu wote. Katika jaribio letu, panya weupe wa maabara walidungwa sianokobalamini (aina ya vitamini B12) iliyotiwa alama ya kobalti-57, yaani kobalti yenye mionzi, kisha tukapima mionzi ya gama katika viungo vyao. Vitabu vinasema ghala kuu la B12 ni ini, lakini kwetu gramu moja ya figo ilikuwa na alama maradufu ya gramu moja ya ini, na sehemu kubwa ya dozi ilitoka na mkojo siku ya kwanza. Je, hali hii ni ya kawaida kwa panya, au upimaji wetu una kasoro?

Jibu la kwanza

Ni ya kawaida, ndugu. Vitabu hivyo vinamzungumzia binadamu; panya anayepata B12 ya kutosha huilimbikiza kwenye figo. Katika damu, vitamini hii husafiri ikiwa imeshikwa na protini iitwayo transkobalamini. Protini hiyo na mzigo wake zinapochujwa na figo, hunaswa na kipokezi cha megalini katika sehemu ya mwanzo ya mirija midogo, huingizwa ndani ya seli na kufikishwa kwenye laisosomu, vifuko vya umeng'enyaji vya seli, ambako protini humeng'enywa na vitamini ikabaki huru. Panya akinyimwa B12 katika chakula, akiba hiyo ya figo hushuka sana ilhali ini hushikilia ya kwake. Kwa maoni yangu, hili ndilo linalovutia zaidi, kwa maana figo za mnyama huyu zinafanya kazi ya kuweka na kutoa akiba, si kuchuja tu.

Mkojo nao una maelezo yake. Nafasi za kuibeba B12 katika damu ni chache, hivyo dozi kubwa ikiingia kwa mkupuo hujaza nafasi zote, na molekuli zilizosalia bila mbebaji, zenye uzito wa molekuli wa takribani 1,355 tu, hupita kwenye chujio za figo na kutoka katika saa chache za mwanzo. Mlidunga kiasi gani? Kwa dozi ndogo mngeona alama nyingi katika tishu na kidogo sana katika mkojo.

Jibu la pili

Naongeza suala la hesabu. Ini la panya ni kama asilimia 4 ya uzito wa mwili, na figo zote mbili kwa pamoja hazifiki asilimia 1. Kwa hiyo, hata kama gramu ya figo ina alama maradufu, ini zima bado lina jumla kubwa zaidi. Andikeni takwimu zote mbili, kwa gramu na kwa kiungo kizima, la sivyo msomaji atapotoka. Mkojo uliomo kibofuni mnyama anapouawa uhesabiwe pamoja na uliokusanywa.

Muulizaji

Nashukuru. Dozi yetu ilikuwa kubwa, kwa hiyo suala la mkojo limeeleweka. Na kinyesi je? Tunatumia vizimba vyenye sakafu ya waya.

Jibu la tatu

Sakafu ya waya hupunguza tatizo bila kuliondoa, kwa sababu panya hula kinyesi chake, na mara nyingi hukichukua kwa mdomo kingali kinatoka. Alama iliyotoka kwenye ini kupitia nyongo, ambayo sehemu yake hufyonzwa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba, hupata njia ya pili ya kurudi mwilini, na kiasi kilichotolewa kikaonekana kidogo kuliko kilivyo. Wapo wanaofunga kikombe chini ya mkia ili kumzuia. Msichanganye vipimo hivi na vile vinavyotumia bakteria kukadiria B12, kwani hivyo huhesabu pia vitamini iliyotengenezwa na vijidudu vya utumbo mpana, ilhali kifaa cha gama huona alama yenu tu. Mionzi ya kobalti-57 hupungua nusu kwa siku 272 hivi, kwa hiyo katika siku chache haipungui sana. Hata hivyo, wekeni kando sehemu ya dozi ileile, muipime siku moja na sampuli, na kila sampuli muieleze kama asilimia ya dozi iliyodungwa.