Naogopa upasuaji wa valvu, mliopitia njooni

Binti_Ukonga: Habari zenu wakuu. Nina miaka 29, valvu ya mitrali (mlango mmoja wa moyo) imeharibika sababu ya homa ya rumatiki ya utotoni, mwezi ujao naenda kubadilishwa pale JKCI, taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete. Daktari kanisomea hatari zote, kiharusi, damu kuvuja, mpaka kufa, nikasaini fomu mkono unatetemeka, sasa usingizi hauji kabisa.

Kobe_Mkavu: Pole dada. Mi ninayo valvu ya chuma, usiku kukiwa kimya naisikia inagonga tik tik, waifu ndo anacheka. Kazi iko kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku maisha yote, na kupima INR, kipimo cha damu inaganda kwa kasi gani, halafu mchicha unaingilia hiyo dawa, kula kiasi kilekile, sio leo bakuli zima kesho hamna.

MamaTwins: Umeshazaa? Ongea na daktari mapema, warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Valvu ya tishu (ya nyama ya mnyama) mara nyingi haikufungi na hiyo dawa maisha yote ila inachakaa, kwa vijana haraka zaidi, utarudi tena thieta.

Binti_Ukonga: Bado. Kumbe ndo maana aliniuliza mambo ya ndoa, nikamnunia!

Kobe_Mkavu: 😂 Meno je, umecheki? Yaliyooza yatibiwe kwanza, bakteria wa mdomoni wakishika valvu mpya ni balaa.