Nimekaa benchi la nyuma miaka minne. Nianzie wapi kutumika?

BenchiLaNyuma:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Huu ni mwaka wa nne tangu niokoke. Ibada sikosi, sadaka natoa, maombi ya katikati ya wiki nafika. Ila baraka ya mwisho ikishatolewa, wa kwanza kutoka ni mimi. Juzi mchungaji kahubiri habari za talanta, Mathayo 25, na alipofika kwa yule mtumwa aliyeifukia yake, nikaona ananikazia macho. Labda alikuwa anaangalia saa ya ukutani iliyo juu ya kichwa changu, lakini ujumbe ulifika.

Kwaya nimejaribu. Mazoezi ya pili mwalimu akanisogeza kwa upole kwenye sauti ya nne ili nibebwe, na sauti ya nne yote ikapotea. Nikajitoa mwenyewe. Mbele ya watu nako magoti yanagongana. Siku niliyopewa kusoma Warumi 12, niliruka kutoka mstari wa 5 hadi wa 9 bila kujua. Hiyo niliyoruka ndiyo mistari ya karama!

Nilimwuliza mzee mmoja wa kanisa, akanijibu, "Omba, Mungu atakuonyesha." Nimeomba sana. Nyie wenzangu mlianzaje?

FundiSauti:
Amina mpendwa. Mimi sikuonyeshwa kitu. Nilimkuta kijana anahangaika na nyaya peke yake baada ya ibada, nikashika mmoja. Akanifundisha kuuviringisha kwa kufuata mkunjo wake, la sivyo unakatika kwa ndani, na Jumapili inayofuata kipaza sauti kinakwaruza katikati ya mahubiri. Sasa ni mwaka wa saba niko kwenye mitambo. Hakuna anayenishukuru, watu wakigeuka kunitazama najua kuna kilichoharibika. Soma Kutoka 31. Bezaleli, fundi wa hema la Mungu, alijazwa Roho wa Mungu, halafu akapewa kazi ya kuchonga mbao na kukata vito.

MamaZamu:
Mwanangu (au mdogo wangu, umri wako siujui), mimi niko zamu ya kutembelea wagonjwa na wazee wasioweza kufika ibadani. Tunakwenda wawili wawili.

Mara yangu ya kwanza nilibeba Biblia imejaa vikaratasi, mahubiri ya nusu saa nimeyaandaa. Bibi wa watu alinisikiliza dakika tano kitandani, kisha akasema, "Mama, nikatie kucha." Nikatazama miguu yake: zimekua mpaka zinanasa kwenye shuka. Nikaomba beseni, nikailoweka miguu kwenye maji ya vuguvugu, nikakata moja moja. Ya dole gumba ilikuwa ngumu kama pembe, nikawa naimega kidogo kidogo nisimuumize. Nilipohamia mguu wa pili akaanza tenzi kwa sauti ndogo, nami nikaitikia ovyo, maana sauti yangu na yako ni ndugu. Hakulalamika. Ndipo nikasoma Zaburi 121, mistari minane tu, tukaomba, tukaondoka. Tangu siku hiyo kikata kucha hakitoki mkobani mwangu.

Ukitaka kujiunga, shika mambo haya: tuma ujumbe kwanza kuuliza kama mgonjwa yuko tayari kupokea wageni, usikae sana, na uliyoyaona ndani ya nyumba ya mtu usiyatoe nje, hata kwa kisingizio cha ombi la maombi. Hili la mwisho limeua huduma nyingi nikiona kwa macho yangu.

MtumishiMchovu:
Wapendwa, mnamsukuma tu. Mimi nilikubali kila kitu: kwaya, shule ya Jumapili, kamati ya ujenzi, kamati za harusi. Ikafika mahali simu ya mchungaji ikiita naificha chini ya mto. Yethro, baba mkwe wake Musa, alimwonya wazi kwamba atachoka yeye na watu wake. Na Hesabu 8 inasema Walawi, wale watumishi wa hema la Mungu, waanze utumishi wakiwa na miaka 25, wakifika 50 waache kazi ile, wabaki kuwasaidia ndugu zao. Kwa hiyo chukua zamu moja. Tena mwambie kiongozi tangu mwanzo kwamba ni ya miezi sita, kisha mtazungumza.

MamaZamu:
Hapo Mtumishi kanena. Pole kwa yaliyokupata.

BenchiLaNyuma:
Asanteni. Jumapili sikukimbilia mlango. Nilimwendea dada anayepanga zamu za wagonjwa, akanitazama kama haamini, akafungua daftari haraka kabla sijabadili mawazo. Nimeandikwa miezi sita, naanza Jumamosi. Nimepangiwa mzee ambaye macho yamemwishia, na anachotaka ni kusomewa.

Kusomewa, jamani! Nimeshanunua rula ya kuweka chini ya mstari.