Sarafu za fedha zilizobadilika rangi: nizisafishe kabla ya kuziuza, au niziache?

Swali, kutoka Entebbe

Habari zenu, ndugu wakusanyaji. Marehemu babu yetu ametuachia kopo la sarafu za zamani, na jamaa wamenikabidhi kazi ya kuamua zitunzwe vipi. Humo mna shilingi kadhaa za Afrika Mashariki za miaka ya 1920, zenye kichwa cha Mfalme George wa Tano upande mmoja na simba upande wa pili, ambazo karibu zote zimekuwa nyeusi. Mna reale moja ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia wa Austria, katikati ni ya kijivu lakini ukingoni imezungukwa na rangi ya dhahabu inayoingia kwenye zambarau na kisha buluu. Mna pia rupia ya India ya mwaka 1907 iliyokaa ndani ya kifuko laini cha plastiki na sasa imeshika utelezi wa kijani, pamoja na sarafu ya fedha ya ziara ya Papa Paulo wa Sita nchini Uganda mwaka 1969, ambayo bado imo kwenye kisanduku chake ila imefunikwa na utando mwembamba wa manjano. Mjomba anashauri nizisugue zote kwa dawa ya meno ili zing'ae kabla mnunuzi hajafika. Mimi nasita. Ni wakati gani inafaa kusafisha sarafu ya fedha?

Mkusanyaji wa Jinja

Dada yangu, pole kwa msiba, na tafadhali usimruhusu mtu yeyote kuzigusa kwa dawa ya meno, majivu wala ndimu. Weusi na rangi hizo si uchafu. Gesi yenye salfa iliyomo hewani hushikana na fedha na kufanya utando ambao ukiwa mwembamba huonekana wa manjano, ukizidi unene huingia zambarau na buluu, na mwishowe huwa mweusi. Kwa hiyo rangi za reale yako, kwa mpangilio ulioueleza, ni rangi zilizojijenga polepole, na wapo wakusanyaji wanaolipa zaidi kwa sababu ya rangi za namna hiyo.

Shika sarafu ambayo haijaguswa chini ya taa, uigeuzegeuze taratibu, nawe utaona mng'ao wake unatembea juu ya uso kadiri mkono unavyogeuka. Iliyosuguliwa hung'aa bapa, yote kwa mara moja, na chini ya lenzi huonekana mikwaruzo myembamba kama nywele iliyopita shavuni mwa mfalme ikielekea upande mmoja. Mnunuzi mzoefu huiona mikwaruzo hiyo mara moja. Kampuni kubwa za Marekani zinazopima ubora wa sarafu, PCGS na NGC, kwa kawaida haziipi sarafu ya namna hiyo daraja kamili, bali huandika kwamba imesafishwa, na bei huporomoka. Utando unaweza kuondolewa hata miaka hamsini ijayo, lakini mkwaruzo hauondoki.

Nikiwa kwenye reale, usidhani kwamba mwaka 1780 ulioandikwa humo ndio ilipotengenezwa. Malkia huyo alifariki mwaka huo, na sarafu zake ziliendelea kutengenezwa kwa tarehe ileile hadi karne ya 20. Ipime, inapaswa kuwa na uzito wa takriban gramu 28.

Sonara wa Kampala

Mwanangu, kazi yangu ni kung'arisha fedha, na bado nakwambia uziache shilingi hizo. Bangili huletwa kwangu ing'ae kwa sababu itavaliwa, na mwenyewe hajali nikiipunguza unene kidogo. Katika sarafu, kile kiasi kidogo ninachokiondoa ndicho kinachonunuliwa.

Tena shilingi za Afrika Mashariki za tangu mwaka 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu, yaani sehemu 250 katika 1,000, na kilichobaki kwa wingi ni shaba. Ukizisugua mpaka weusi uishe, mara nyingi unachopata ni wekundu au umanjano wa shaba uliojitokeza kwenye nywele za mfalme na mgongoni mwa simba, wala hakuna dawa ya kuurudisha weupe ule. Rupia ya India ni habari nyingine, kwani fedha yake ni zaidi ya sehemu 900, lakini hata hiyo nisingeisugua.

Mwalimu wa kemia, Mbale

Naafikiana na waliotangulia, ila rupia ndiyo inayohitaji hatua, tena mapema. Utelezi ule wa kijani hutoka kwenye plastiki laini ya PVC, ambayo ikizeeka hutoa kemikali zinazokula metali, hivyo kuuacha ni kuendeleza madhara. Iloweke rupia katika asetoni safi ndani ya chombo cha kioo kilichofunikwa, mbali na moto na penye hewa ya kutosha, kisha ihamishie kwenye asetoni mpya na uiweke ikauke yenyewe bila kufutwa. Asetoni huyeyusha mafuta na plastiki, lakini haili fedha wala haiondoi utando wake. Usitumie ile ya kuondolea rangi ya kucha, kwa kuwa mara nyingi imechanganywa na mafuta na manukato.

Wengine watakushauri maji ya moto, soda ya kuokea na karatasi ya alumini. Ni kweli njia hiyo huuondoa weusi, lakini sarafu hubaki imepauka bila uhai, na kwa sarafu ya Papa, ambayo uso wake ni kama kioo, ungepoteza kila kitu kilichoifanya iwe ya thamani.

Muulizaji

Nawashukuru sana, wazee wangu. Nitaishughulikia rupia peke yake na kumweleza mjomba sababu. Je, nizihifadhi wapi, maana kopo lilikuwa limejaa magazeti ya zamani?

Mkusanyaji wa Jinja

Magazeti na mipira ya kufungia noti yana salfa, yatoe leo. Kila sarafu iwe na kifuko chake cha polyesta kisicho na PVC, uvipange katika chombo kinachofungika vizuri pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, kwani hewa ya Entebbe karibu na ziwa ina unyevu mwingi. Unapozishika, shika ukingo tu.